Masomo Yaliyonifundisha Kuuliza Fedha Ziko Wapi

Kila mwaka dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa, watoto wa ndugu na wa majirani hunitafuta. Mwaka huu aliyenitafuta ni binti wa kaka yangu. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile tuliyozoea kuiita MBA, na nia yake ni kuwa mshauri elekezi. Alinitumia picha ya orodha ya masomo ya hiari, kisha ujumbe: “Shikamoo shangazi. Nichukue yapi ili nije niajiriwe na kampuni za ushauri?” Tayari alikuwa ameweka alama kwenye Usimamizi wa Kimkakati, Uongozi, Masoko ya Kimataifa na Stadi za Ushauri Elekezi. Uhasibu wa menejimenti hakuugusa, na takwimu aliziruka.

Alama zake hazikunishangaza, maana karibu kila kijana anayeniletea orodha ya namna hii huchagua vilevile. Wanachagua majina. Somo lenye neno mkakati au uongozi linasikika kama kazi wanayoitamani, na somo la uhasibu linasikika kama kazi ya mtu mwingine aliyeketi chumba cha nyuma na mafaili yake. Kwa kuwa kazi hii ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto, nataka nimjibu yeye na wenzake kwa kirefu. Somo lipimwe kwa kazi linayokufanyisha: utahesabu nini, utakwenda wapi, utazungumza na nani. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, kuanzia darasani.

Nilisoma MBA jijini Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, masomo ya jioni, nikitoka kazini Posta na kugombea daladala za Mwenge pamoja na watu wengine wote. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya sosholojia. Darasani nilizungukwa na watu wa benki, wa bandari na wa mashirika ya umma, na wengi wetu tulikuwa na hamu ya kufika haraka kwenye somo la mkakati. Mwalimu wa uhasibu wa menejimenti hakuwa na haraka yoyote. Siku moja aligawa karatasi moja tu, yenye hesabu za duka la jumla. Kwa mwaka mzima duka lile lilikuwa limeuza bidhaa za shilingi milioni 100. Bidhaa zenyewe zilikuwa zimeligharimu milioni 80, na matumizi mengine yalikuwa milioni 12. Faida: milioni 8. Chini ya karatasi aliandika kwamba mwenye duka ameshindwa kulipa mishahara ya Desemba, kisha akauliza, “Fedha ziko wapi?”

Kwanza tulinyamaza, halafu watu wakaanza kubahatisha. Mmoja alisema kuna wizi, mwingine akasema kodi. Mwalimu alituelekeza turudi kwenye mizania. Wateja waliokopeshwa walikuwa wameongeza deni lao kwa milioni 15. Mali iliyolala stoo ilikuwa imeongezeka kwa milioni 6. Wenye viwanda waliomkopesha mwenye duka walikuwa wamemwongezea nafuu ya milioni 5. Tukapiga hesabu ubaoni: 8, toa 15, toa 6, jumlisha 5. Jibu ni pungufu ya milioni 8. Duka lililopata faida ya milioni 8 lilikuwa limepungukiwa fedha taslimu kiasi kilekile, na hakuna aliyeiba hata senti. Fedha zilikuwa kwenye madaftari ya mkopo na kwenye maboksi ya stoo.

Zoezi lile lilinionyesha namna tatizo linavyotafutwa. Mwenye duka angemwita mshauri aliyesoma mkakati peke yake, angeshauriwa afungue tawi la pili, auze zaidi. Na kwa kuwa anauza kwa mkopo, kila mauzo mapya yangemkausha zaidi. Aliyesoma hesabu angemwambia kwanza akusanye madeni na apunguze oda. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kazi ya mteja yeyote, hata kazi ya mafunzo au ya muundo wa utumishi, bila kuomba hesabu zake za miaka michache iliyopita.

Baadaye niligundua kwamba hata historia ya taaluma hii inasema hivyo. James O. McKinsey, aliyeanzisha mwaka 1926 kampuni ya ushauri inayojulikana hadi leo kwa jina lake, alikuwa profesa wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kuhusu udhibiti wa bajeti. Vijana wanaoota kuajiriwa na kampuni hiyo huku wakiukimbia uhasibu wanaukimbia mlango ambao mwanzilishi mwenyewe aliingilia.

Kazi zangu za awali katika ushauri zilinipeleka kusini, kwenye korosho. Sheria ya stakabadhi ghalani ilitungwa mwaka 2005, na mfumo ulianza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, AMCOS. Zinapimwa, anaandikiwa stakabadhi, zinasafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa mnadani, kisha malipo yanateremka kupitia benki. Tulipofika, kulikuwa na ugomvi mkubwa. Kilo zilizosomwa kwenye mzani wa chama hazikulingana na kilo zilizopokelewa ghala kuu, na wanachama waliwatuhumu viongozi wao kwamba wanakula. Hadidu za rejea tulizopewa zilitutaka tubaini mahitaji ya mafunzo ya utawala bora kwa viongozi hao.

Katika MBA nilikuwa nimechukua usimamizi wa uendeshaji, somo ambalo wenzangu waliliona ni la watu wa viwandani. Kazi kubwa ya somo lile ilikuwa kufuata kitu kimoja hatua kwa hatua, tangu kinapoingia mpaka kinapotoka, na kuandika kila mahali kinaposimama. Nikamwomba mkuu wa timu tufuate gunia. Tulikaa uwanjani pa chama asubuhi, wakulima wakiwasili na korosho kwa baiskeli na pikipiki. Karani aliingiza mkono ndani ya gunia la juti, akatoa korosho chache na kuzitikisa kiganjani karibu na sikio. Zilizokauka vizuri hulia. Zenye maji huwa kimya. Zilizolia na zile kimya zote zilipandishwa mzanini, zikaandikwa kilo zake na jina la mkulima. Kitabu cha mapokezi kilikuwa na safu ya kilo na safu ya daraja. Safu ya unyevu haikuwamo.

Ghalani nilihitaji takwimu. Tulitaka kupima upya baadhi ya magunia, na msimamizi kwa ukarimu akatuonyesha yaliyopangwa karibu na mlango, tusihangaike. Kwenye takwimu tulifundishwa kwamba sampuli haichukuliwi kwa urahisi wa mkono. Tukaomba kitabu cha mapokezi na kuchagua magunia kwa mpangilio wa namba, na vibarua wakayashusha hata yale ya ndani kabisa, jasho likiwatoka. Ya mlangoni yalikuwa yameingia siku iliyotangulia, na kilo zake zilikuwa karibu zilezile. Yaliyokaa wiki kadhaa yalikuwa yamepungua, na yaliyopungua zaidi ni yale yaliyopokelewa mabichi. Lau tungepima ya mlangoni tu, tungeandika kwamba kilo hazipungui ghalani, na viongozi wa chama wangehesabiwa wezi kwa mhuri wetu.

Sehemu kubwa ya kilo zilizokuwa zikigombewa ilikuwa unyaufu, na hapakuwa na mahali pa kuuandika. Ripoti ilipokamilika, tuliombwa kuieleza kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mzee mmoja alisimama akauliza, “Mwanangu, kilo zetu zimekwenda wapi?” Nikamjibu kwa hesabu wanayoijua. Gunia la kilo 80 likipungua kilo moja tu, watu hawagutuki. Lakini tani 100 ni magunia 1,250, kwa hiyo chama kimepoteza kilo 1,250 bila mtu kuiba. Akahesabu kwa vidole, akageuka kwa jirani yake, wakaelewana. Halafu akauliza swali la pili, zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: kama ni hivyo, kwa nini aliyeleta kavu alipwe sawa na aliyeleta mbichi? Pendekezo letu la kuongeza safu ya unyevu na kupima korosho kabla ya mzani lilipata mtetezi papo hapo.

Hapo nilijifunza jambo ambalo halimo kwenye orodha nyingi za masomo. Ripoti ya mshauri ina wasomaji wa aina mbili: anayeilipia na atakayeishi na matokeo yake. Wa kwanza mara nyingi anataka Kiingereza na majedwali. Wa pili anataka Kiswahili kilichonyooka na hesabu anayoweza kuirudia mwenyewe. Kama chuo kina somo la uandishi wa kazi na mawasiliano, lichukue hata kama halikupi sifa, na jizoeze kuandika kila ripoti kwa lugha zote mbili. Matokeo yaliyogoma kuelezeka kwa Kiswahili mbele ya wakulima, mara nyingi mimi mwenyewe nilikuwa sijayaelewa bado.

Kazi nyingine ilikuwa katika taasisi ya umma inayotoa vibali. Malalamiko ya ucheleweshaji yalikuwa yamefika juu, na mkuu wa taasisi alikwisha amua kwamba dawa ni mfumo wa kompyuta. Sisi tuliitwa kuandika sifa za mfumo huo. Siku chache nikaketi masjala, nikiangalia mihuri ya tarehe kwenye majalada. Jalada huingia, huwekewa dokezo sabili, hupelekwa kwa ofisa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha hurudi. Nilipopanga tarehe zile kwa mfuatano, kazi yenyewe kwenye kila meza ilikuwa ya dakika chache, na kusubiri kulikuwa kwa siku na wiki. Majalada mengi yalilala sehemu moja, kwenye ofisi ya mwenye saini ya mwisho, kila aliposafiri.

Ofisi ina utaratibu wa kukaimu. Kwa nini basi aliyekaimu hasaini? Swali hilo halijibiwi na mihuri. Nililipata jibu kwa sababu ya somo la tabia za watu katika taasisi. Mwalimu wake alikuwa ametutuma tukawahoji wafanyakazi, mara moja bosi akiwapo na mara nyingine akiwa hayupo, kisha tuandike tofauti. Mtunza kumbukumbu aliyeniambia “kila kitu kipo sawa” mbele ya mkuu wake ndiye aliyenieleza wakati wa chai, huku akifunga majalada kwa kamba, kwamba ofisa mmoja aliyewahi kusaini alipokaimu aliitwa kwenye kikao akaulizwa nani kampa madaraka hayo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Kompyuta ingeibeba hofu ile kama ilivyo. Jalada lingelala kwenye kioo badala ya meza. Tuliandika kwamba kabla ya mfumo itolewe barua rasmi ya kukasimu madaraka, ikitaja vibali vipi vinasainiwa na nani na kwa kiwango gani. Haikuwa habari aliyoitaka mteja, lakini ndiyo aliyotulipia tuitafute.

Mambo ya madaraka yana historia ndefu kwetu, na ndiyo maana nawahimiza vijana wachukue angalau somo moja la sera na utawala wa umma. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwahi kuitumia kampuni hiyohiyo ya McKinsey katika kuandaa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Maofisa wa serikali kuu walipelekwa mikoani na wilayani wakiwa na mafungu ya fedha ili maamuzi yasogee karibu na wananchi. Wakati huohuo halmashauri, zilizokuwa na wawakilishi waliochaguliwa na wananchi hao, zilifutwa. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1982, Bunge lilitunga sheria za kurudisha serikali za mitaa. Anayetaka kushauri taasisi za nchi hii aisome habari hiyo kwa makini, maana inaonyesha kwamba kumsogeza ofisa karibu na kijiji ni jambo moja, na kumpa mwanakijiji sauti ni jambo jingine. Chati ya muundo inaonyesha la kwanza tu. La pili linahitaji mtu anayeijua siasa na historia ya mahali.

Siku hizi mimi ndiye ninayeketi upande wa pili wa meza, nikiwasaili wanaoomba kazi. Huwapa swali la makisio: wakazi wa Dar es Salaam hujaza mitungi mingapi midogo ya gesi kwa mwezi? Nawakumbuka vijana wawili waliosailiwa siku moja. Wa kwanza alikuwa na alama za juu kwenye mkakati, akaanza kunieleza nguvu tano za Michael Porter. Wa pili aliomba karatasi. Akasema sensa ya 2022 ilihesabu takriban watu milioni 5.4 mkoani; tukichukua watu wanne kwa kaya, ni kaya milioni 1.35. Tuseme nusu wanapikia gesi na mtungi unadumu mwezi, tunapata mitungi 675,000. Kisha akaongeza jambo lililompa kazi: “Nusu hiyo na mwezi huo nimekisia. Ningeanza kwa kuwauliza mawakala wa gesi wa mitaa miwili mitatu, mmoja Masaki na mwingine Mbagala.” Alijua kipi anakijua na kipi anakikisia, na alijua aende wapi kukihakiki. Nilipomuuliza somo lililomsaidia zaidi chuoni alitaja takwimu, na mradi wa vitendo alioufanya sokoni Kariakoo.

Simdharau Porter. Kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu mkakati wa ushindani nimekitumia mara nyingi, hasa kwenye korosho hizohizo, ambazo kwa sehemu kubwa husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Nguvu ya mnunuzi, anayoieleza vizuri, inaonekana wazi ukiwa mnadani. Lakini nadharia hiyo ilinifaa kwa sababu nilikwisha ijua korosho, mzani wake, ghala lake na mkopo wa benki unaosubiri kulipwa. Mkakati usomwe mwaka wa pili, ukiwa na kitu cha kuuwekea. Na ukiweza, usome kwa walimu wanaofundisha kwa visa halisi, mtindo ulioimarishwa na shule ya biashara ya Harvard tangu miaka ya 1920, ambao Strathmore ya Nairobi nayo inautumia. Darasa la namna hiyo linakulazimisha uamue kabla hujapata taarifa zote, kisha utetee uamuzi wako mbele ya watu wanaokupinga. Hiyo ndiyo hali ya mshauri kila wiki.

Basi, binti yangu, orodha yako ningeipanga hivi. Muhula wa kwanza shika uhasibu wa fedha na takwimu, na uzifanye kwa mkono kabla ya kompyuta. Wa pili, uhasibu wa menejimenti, usimamizi wa uendeshaji na tabia za watu katika taasisi. Mwaka wa pili, fedha za kampuni, ili ukiulizwa kama mradi unalipa uweze kujibu kwa hesabu, mkakati, na somo moja la sekta utakayoijua kwa undani, iwe kilimo, afya au nishati. Usiache ununuzi wa umma. Hapa kwetu serikali na miradi yake ni wateja wakubwa wa ushauri, na zabuni zake sasa hupita kwenye mfumo wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Mshauri asiyejua zabuni inavyopimwa atabaki kumwandikia mwingine. Stadi za Ushauri Elekezi nazo zichukue kama zina mteja wa kweli ndani yake. Kama ni slaidi na nadharia tupu, hizo utajifunza kazini. Na ukipewa hiari kati ya tasnifu ya maktaba na mradi wa vitendo, nenda kwenye mradi.

Kabla hujaweka alama nyingine, nenda idarani ukaombe mpango wa kila somo, ruka jina na utangulizi, ufungue ukurasa wa mazoezi. Somo linalokutuma stoo, ghalani, masjala au sokoni, likakudai namba ulizozikusanya mwenyewe na majina ya uliozungumza nao, lichukue hata kama linafundishwa saa mbili usiku na wenzako wanalikimbia. Ushauri wako utafungia watu vituo vya kazi, utabadilisha bei za mazao yao, utaamua nani anasaini na nani anasubiri. Watu hao wana haki ya kushauriwa na mtu aliyekwenda kuona.